Barua ya wazi kwa wakubwa wa maji na maendeleo ya vijiji Pemba: Turudishieni pampu yetu ya kamba

Kwa: Waheshimiwa mnaosimamia maji na maendeleo ya vijiji, Pemba
Kutoka kwa: Fundi baiskeli, Wilaya ya Micheweni
Yahusu: Pampu ya kamba iliyoondolewa kisimani kwetu

Waheshimiwa,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Baada ya salamu na heshima, naomba mniwie radhi kwa kuyasema haya hadharani. Si kawaida yetu. Jambo la kijiji huanzia kwa sheha, likapanda taratibu, na mtu mwenye adabu hungoja majibu. Nimengoja. Barua ya kwanza niliipeleka kwa mkono wangu, ikapigwa muhuri kuwa imepokelewa. Ya pili nikaambiwa ile ya kwanza inafanyiwa kazi. Ya tatu nikaambiwa faili halionekani, niandike upya. Mara mbili nimepanda gari ya abiria hadi Chake Chake kumwona mhusika, na mara zote mbili yuko semina. Basi hii ni ya nne, na safari hii nakala yake anayo kila mtu.

Niseme mapema mimi ni nani, asije mtu akauliza shahada yangu iko wapi. Sina. Nimesoma skuli mpaka darasa la kumi, kisha nikajifunza baiskeli kwa ami yangu chini ya mwembe. Nina spana, msumeno wa chuma na miaka 22 ya kukaza spoku. Wenzangu katika jambo hili ni kijana mchomeaji, mwalimu wa skuli yetu, na mama mmoja anayefukia makumbi ufukweni na kusokota kamba za usumba. Huyo wa mwisho ndiye mwenye akili kuliko sisi wote, nitaeleza kwa nini.

Kisa chenyewe ni hiki. Kijiji chetu kina kisima kilichochimbwa na wazee, kina chake pima sita, kama mita 11. Maji yake ni baridi, hayana chumvi, na kwa upande wetu wa maweni hilo si jambo dogo. Miaka minne nyuma ukaja mradi. Wakachimba kisima cha mashine, wakatia pampu ya jua, wakasimamisha tangi juu ya mnara wa chuma na mifereji minne. Siku ya ufunguzi palikuwa na turubai, hotuba na pilau. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na kweli tulipona, kwa miezi 14. Kisha radi ya masika ikaunguza kisanduku kinachoiendesha pampu. Alikuja mtu kukitazama, akakitazama kweli, akakipiga picha kwa simu, akasema kitu hicho hakipatikani hapa wala Dar es Salaam, lazima kiagizwe nje. Mnara upo hadi leo. Ndege wamejenga. Kinamama wakarudi kwenye kisima cha wazee na ndoo zao.

Ndipo tukatengeneza pampu ya kamba. Kwa asiyeijua: unachukua ringi ya baiskeli, unaiweka juu ya kisima kwenye fremu ya chuma, unaitia mkono wa kuzungushia. Kamba ya nailoni isiyo na mwanzo wala mwisho inapita juu ya ringi, inashuka hadi kwenye maji, inazunguka chini na kupanda ndani ya paipu ya plastiki ya inchi moja. Kwenye kamba, kila mita moja, kumefungwa kizibo cha mpira kinachokaribia kuijaza paipu. Ukizungusha, vizibo vinapanda vikisukuma maji mbele yao hadi juu. Basi. Hakuna umeme, hakuna vali, hakuna kitu kilichofichika. Mtoto akitazama mara moja ameshaelewa, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa.

Haikukubali mara ya kwanza. Vizibo vya mwanzo tulivikata kwenye ndara zilizokwisha. Vililainika na kulika, hazikupita wiki tatu maji yakawa yanarudi chini. Tukakata vya mpira wa tairi, vikawa vinene, vikakwama katikati ya paipu na kamba ikakatika. Mchomeaji akanoa ncha ya bomba la chuma akapata kikatio, tukavipiga vizibo vyote sawa, vikiacha nafasi ndogo kama unene wa ukucha. Kule chini kabisa, kamba inapogeuka, ilikuwa ikisugua zege na kusagika. Tulijikuna vichwa siku nne. Yule mama wa usumba akasema: "Kamba hailiki kwenye kigae laini." Tukaitia chupa ya soda ndani ya zege, kamba ikazunguka juu ya shingo ya chupa, na mpaka siku mliyoiondoa ilikuwa haijalika. Baadaye mwalimu akatuambia kuwa kule Nicaragua, waliotumia pampu hizi tangu miaka ya 1980, nao hutia kigae au kioo mahali hapo hapo. Mama hajawahi kuisikia Nicaragua.

Dumu la lita 20 lilikuwa likijaa kabla ya dakika moja kwisha, na mzungushaji ni msichana wa miaka 12. Gharama zote, pamoja na saruji ya mfuniko, hazikufika laki mbili. Ilifanya kazi miezi saba. Ilikatika kamba mara moja, tukaifunga upya saa ile ile.

Kisha ikaja gari, akashuka afisa na kijana wa kuandika. Hakuuliza aliyeitengeneza. Hakuizungusha hata duru moja. Akauliza kibali, hatukuwa nacho, akaamuru iondolewe kwa sababu ni "hatari kwa afya na haina viwango". Tukaifungua kwa mikono yetu, maana hatukutaka ivunjwe. Mfuniko ukatolewa. Kisima kikabaki wazi.

Waheshimiwa, malalamiko yetu ni haya.

1. Pampu iliondolewa bila kupimwa

Afya ndiyo sababu tuliyopewa, kwa hiyo nitaanza nayo na nitakaa nayo kidogo. Kisima kilipokuwa na pampu, kilikuwa na mfuniko wa zege na kitu kimoja tu kilichoingia ndani: kamba yetu. Sasa kiko wazi. Asubuhi moja nilikaa pale nikahesabu ndoo zilizoshushwa kabla jua halijawa kali: 31. Kila ndoo imetoka nyumba yake, imewekwa chini, imeshikwa na mikono iliyotoka kulisha kuku. Kamba zao zimelala kwenye matope. Kipi kati ya hivyo viwili ndicho hatari kwa afya? Mimi si daktari, ila kisiwa hiki kinakijua kipindupindu, na kila mwaka redio inatukumbusha kufunika visima. Tulikifunika. Mmekifunua nyinyi.

Sisemi kuwa maji ya pampu yalikuwa salama kwa hakika. Sijui, na hilo ndilo linaloniuma: hakuna aliyechukua hata chupa moja kwenda kuyapima. Tulikuwa tayari kulipia. Kwa tahadhari mwalimu alikuwa amewafundisha watoto kuyatia maji kwenye chupa za plastiki zinazoonyesha ndani na kuzilaza juu ya bati, kwa muda wa saa sita kukiwa na jua kali, siku mbili kukiwa na mawingu, maana mwanga wa jua huua vijidudu. Nao walijua kwamba maji yakiwa na matope njia hiyo haifai: weka chupa juu ya maandishi, ukishindwa kuyasoma kupitia maji, usiyategemee jua. Watoto wa darasa la tano walikuwa na kipimo. Afisa hakuwa nacho.

2. Tunapimwa kwa kibaba ambacho wenye mradi hawapimwi

Pampu yetu ilikosa karatasi ikaondolewa inafanya kazi. Pampu ya mradi ina karatasi zote na imekufa, wala hakuna aliyeambiwa aiondoe. Katika vitabu vyenu naamini kijiji chetu kimeandikwa kuwa kina maji, kwa kuwa kina mnara. Naomba siku moja mpime kwa njia nyingine: si kimejengwa nini, bali leo asubuhi maji yametoka au hayakutoka, na kikiharibika nani anaweza kukitengeneza kabla ya magharibi.

Katika semina moja niliyoalikwa, ile ya ujasiriamali wa vijana, tulionyeshwa picha za William Kamkwamba, yule kijana wa Malawi ambaye baada ya njaa ya 2001 na 2002 alikuwa ametolewa skuli kwa kukosa ada, akajisomea vitabu vya maktaba ya kijiji, na kwa fremu ya baiskeli, feni ya trekta na miti akajenga kinu cha upepo kilichowasha taa nyumbani kwao Wimbe. Ukumbi mzima ulipiga makofi. Mtoa mada alisema Afrika inawahitaji vijana kama hao. Nilipiga makofi na mimi. Lakini nikawa najiuliza, kinu kile kingesimama Micheweni, kingesimama siku ngapi kabla gari halijafika?

3. Tunaletewa vitu bila kuulizwa, na tulivyo navyo havihesabiwi

Msije mkadhani nasema kila cha kienyeji ni kizuri na kila cha nje ni kibaya. Nina ushahidi dhidi yangu mwenyewe. Kuna watu walitufundisha chungu cha kupoza mboga: chungu ndani ya chungu, katikati mchanga uliolowa. Maji yanapokauka kwenye mchanga yanaondoka na joto, na kilichomo ndani kinapoa. Mohammed Bah Abba alikieneza kaskazini mwa Nigeria na kikawasaidia wakulima wengi, kwa sababu hewa ya kule ni kavu. Hapa kwetu shati likianikwa ndani linanuka uvundo kabla halijakauka. Mchanga ulibaki umelowa, mchicha ukaoza kwa utulivu kabisa. Vyungu sasa vinanyweshea kuku. Kitu cha bei ndogo, kizuri, kilichobuniwa na Mwafrika mwenzetu, na bado hakikufaa, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza mwenye kukaa hapa juu ya hewa yake.

Na tazameni tulivyo navyo. Gari ya ng'ombe inayobeba mawe, mchanga, makuti na mizigo ya harusi kisiwa kizima imeundwa na mafundi wetu kwa ekseli na tairi za magari yaliyokufa. Ngalawa, dema, mbuzi ya kukunia nazi, kifumbu cha kuchujia tui: nani aliyeleta mradi wa hivyo? Yote hayo yaliboreshwa na mikono ya wanaoyatumia, na kikiharibika kimoja, fundi yuko umbali wa kutembea kwa miguu. Sisi tulikuwa tunaongeza kitu kimoja tu kwenye orodha hiyo.

4. Habari zimefika, watu wanaogopa

Hili nitalisema kwa ufupi. Kijiji cha jirani walikuwa wameshanunua kamba na paipu. Wamevirudisha dukani. Kinamama wa mwani waliokuwa wakitaka tuwatengenezee chanja zenye paa la nailoni, ili mwani usilowe tena mvua ikipita, wameuliza kama nazo zinahitaji kibali. Mzee mmoja mwenye karafuu ameuliza hivyo hivyo. Sikuwa na jibu. Anayejua kilichotupata sisi hatajenga kitu.

Waheshimiwa, najua mtakayoyajibu, maana mengine nimeshayasikia mlangoni.

Mtasema mradi mkubwa unakuja, na umeme utafika kila kijiji, hakuna haja ya kuzungusha ringi kama watu wa zamani. Inshaallah uje. Waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ulifika Pemba 2010 na tunashukuru, kabla yake tulikuwa tunaishi kwa majenereta. Ila mwaka huo huo wenzetu wa Unguja walikuwa gizani: waya wao uliharibika Disemba 2009, wakakaa hadi Machi 2010. Umeme ulipokatika na pampu za maji zikasimama, watu wa mjini, wenye mifereji ndani ya nyumba, wakaanza kuzunguka na madumu. Pampu ya mkono haigombani na umeme. Umeme ukija, mkono unapumzika. Ukikatika, mkono upo.

Mtasema watu wa shamba hawawezi kuaminiwa na ufundi. Nendeni Kinyasini, Unguja. Tangu 2015 pana chuo kinachowafundisha kinamama wa vijijini, wengine hawakupata kusoma, kuunga taa za jua na kuzitengeneza zikiharibika, kisha wanarudi kuwasha nyumba za vijiji vyao. Wanafundishwa kwa rangi za waya na kwa mikono. Kama bibi asiyejua kusoma anaweza kutengeneza saketi, mimi siwezi kukata mpira wa tairi?

Mtasema ni aibu, wafadhili watatuona tunarudi nyuma. Hili sikuambiwa rasmi, nilinong'onezwa na mtu mmoja wa ofisini, na pengine ndiyo sababu ya kweli. Nicaragua pampu hii ilianza kwa wakulima na mafundi wadogo, na katika miaka ya 1990 serikali ikaikubali rasmi katika maji ya vijijini. Hata bara, kule Njombe, pampu za kamba zinatengenezwa na mafundi wa huko huko. Sioni waliloaibika.

Na mtasema sheria ni sheria. Sawa. Sikatai sheria, na visima si vitu vya kuchezea. Mtu mwingine angeweza kuchomea fremu mbovu ikamwangukia mtoto. Lakini nilipouliza kibali kinaombwa wapi, kwa fomu gani na kwa ada kiasi gani, ofisi ya kwanza ilinituma ya pili, ya pili ikanituma ya tatu, na ya tatu ikanirudisha kwa sheha. Sheha maskini hajui. Sheria ambayo mlango wake hauonekani, mtu ataiingiaje?

Tunachoomba si kikubwa.

Kwanza, tupeni ruhusa ya muda ya kurudisha pampu na mfuniko, na maji yapimwe siku ya kwanza na kila baada ya masika. Yakionekana mabaya, tutafunga wenyewe na tutasema hadharani kama ninavyosema leo.

Pili, kibali kwa vitu vidogo vya kijiji kiwe karatasi moja, kiombwe kwa sheha, na mkaguzi aje na kipimo mkononi, si na kalamu tu. Akiona kosa atuonyeshe, tulirekebishe.

Tatu, kila mradi wa maji utakaoletwa, kabla haujakatwa utepe, uache kwa kijiji spea za vile vinavyokufa haraka, na fundi mmoja wa hapo hapo afundishwe kuvibadilisha. Fundi huyo si lazima niwe mimi. Tena afadhali asiwe mimi, msije mkadhani barua hii ni ya kutafuta kibarua.

Nne, kisanduku kile cha pampu ya jua. Kama kimeagizwa, tuambieni. Kama hakikuagizwa, tuambieni pia. Tumekaa miaka miwili na zaidi tukisikia kiko njiani, na njia yenyewe sasa tunaionea huruma.

Sikutaja jina la afisa yeyote wala la ofisi yake, na sitataja. Aliyekuja siku ile alikuwa kijana mpole, alikunywa maji yetu kabla ya kutuandikia amri, akasema ni matamu.

Ringi, kamba na fremu vimo bandani kwangu, nimevifunika gunia visipate kutu. Paipu bado imo kisimani. Ruhusa ikija asubuhi, kabla ya adhuhuri maji yatakuwa yanatoka, na atakayekuja kukagua nitampa yeye azungushe duru ya kwanza.

Wakatabahu,

Fundi baiskeli
Wilaya ya Micheweni, Pemba

Nakala: Sheha wetu, kamati ya kisima, ubao wa matangazo wa skuli, kinamama wote wa zamu ya asubuhi